Pumzi Isiyopita Mapafuni

SABATO ALASIRI

Fungu la kukariri juma hili ni Zaburi 104:29, 30. Lisome katika Biblia yako mara kadhaa kabla jua halijazama, kisha lisome pamoja na mafungu yaliyolitangulia, kuanzia fungu la 24.

Zaburi ya 104 inawataja viumbe wengi kwa majina: punda-mwitu, korongo, mbuzi-mwitu, wanasimba wanaonguruma usiku. Lakini inawataja pia wadogo wasio na majina, wale watambaao wasiohesabika. Juma hili tutamwangalia mmoja wa hao wadogo. Anaitwa salamanda mwenye mgongo mwekundu, na anaishi katika misitu ya mashariki mwa Marekani na kusini-mashariki mwa Kanada. Ni amfibia, ndugu wa vyura, ingawa kwa umbo ungemdhani mjusi mwembamba. Afrika Mashariki hatuna salamanda wa asili, kwa hiyo wengi wetu hatutamwona kamwe kwa macho.

Hata hivyo misitu anamokaa si migeni kabisa katika historia yetu. Mwaka 1831, William Miller, mkulima wa Low Hampton katika jimbo la New York, alipokea mwaliko wa kwenda kuhubiri juu ya marejeo ya Kristo. Akaondoka nyumbani akiwa amefadhaika, akaingia katika kijisitu cha miti ya mepo, ile ambayo utomvu wake huchemshwa ukawa mtamu kama asali, akashindana na Mungu kwa maombi mpaka alipokubali kwenda. Huko Washington, katika jimbo la New Hampshire, waumini wa Marejeo walianza kuitunza Sabato mwaka 1844. Msitu wa namna hiyo, wenye miti inayopukutisha majani kila mwaka na ardhi yenye unyevu, ndio makao ya salamanda huyu.

Tunaye juma hili kwa sababu moja: hana mapafu. Na swali la pumzi, inatoka wapi na inakwenda wapi, ni swali lililogusa kila nyumba iliyowahi kufiwa.

JUMAPILI: Chini ya Gogo

Soma Mwanzo 1:24, 25 na Zaburi 148:7–10. Viumbe watambaao wanatajwa pamoja na nani? Kwa nini unafikiri wamehesabiwa miongoni mwa wanaomsifu Bwana?

Salamanda huyu ana urefu wa sentimita 6 hadi 10 hivi, mkia ukiwemo, na uzito wa gramu moja tu au karibu na hapo. Wengi wao wana mstari mwekundu au wa kahawia kutoka shingoni hadi mkiani. Wengine hawana mstari huo, ni wa kijivu cheusi mwili mzima, ingawa ni spishi ile ile. Mchana hukaa chini ya mawe, chini ya magogo yanayooza, na katika tabaka la majani yaliyoanguka. Usiku, hasa baada ya mvua, hutoka kuwinda sisimizi, utitiri, mende wadogo na buibui. Baridi kali ya majira ya theluji ikikaribia, hushuka chini ya ardhi kupitia nyufa na mashimo, hadi mahali ambapo udongo haugandi.

Ni mmoja wa jamii kubwa ya salamanda wasio na mapafu. Jamii hiyo ina spishi zaidi ya 450, karibu theluthi mbili ya salamanda wote duniani, na karibu wote wako katika mabara ya Amerika. Wachache wako Ulaya, na mmoja aligunduliwa Korea mwanzoni mwa karne hii.

Anapumuaje basi? Kwa ngozi. Ngozi yake ni nyembamba, ina ute, na chini yake tu imetandazwa mishipa midogo sana ya damu. Oksijeni huyeyuka katika unyevu ulio juu ya ngozi, ikapenya na kuingia katika damu. Hewa chafu hutoka kwa njia iyo hiyo. Sehemu nyingine huingia kupitia utando wa ndani ya kinywa na koo. Ndiyo maana ni mwembamba hivyo: mwili mnene usingekuwa na ngozi ya kutosha kuulisha hewa. Ndiyo maana pia lazima awe na unyevu wakati wote. Ngozi ikikauka, mlango wa hewa umefungwa, naye hufa, hata kama hewa safi imemzunguka pande zote.

Katika miaka ya 1970 watafiti waliwahesabu salamanda katika msitu wa Hubbard Brook, New Hampshire. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1975 yalionyesha salamanda takribani 2,950 katika kila hekta, na sehemu kubwa mno walikuwa hawa wenye mgongo mwekundu. Uzito wao wote ukiwekwa pamoja ulikuwa kama mara mbili ya uzito wa ndege wote wa msitu ule katika kilele cha majira ya kuzaliana, na ulikaribiana na uzito wa panya na wanyama wengine wadogo. Hebu fikiri. Mtu anapita msituni, anawasikia ndege, anasema msitu huu una ndege wengi. Walio wengi kuliko hao wako chini ya viatu vyake, kimya.

Huenda mtu darasani akasema: “Lakini mnyama huyu ni najisi.” Ni kweli, Mambo ya Walawi 11:41–44 haimruhusu mtu kula watambaao, na hakuna anayependekeza chakula hicho. Lakini soma Mwanzo 7:2, 8, 9. Wanyama wasio safi nao waliingizwa safinani, wawili wawili, kwa agizo la Mungu yule yule. Mnyama kutofaa kwa meza yetu hakumwondoi katika uangalizi wa Muumba wake.

JUMATATU: Pumzi Ni Nini?

Soma Mwanzo 2:7; Mwanzo 7:21, 22; Danieli 5:23; Zaburi 146:3, 4. Kila fungu linasema pumzi iko mikononi mwa nani?

Mwanzo 7 inazungumza juu ya viumbe wa nchi kavu wenye pumzi ya uhai puani. Mtu anayependa kubishana anaweza kuuliza: na huyu asiye na mapafu? Pua anayo. Ana hata vijifereji viwili vinavyotoka mdomoni hadi tundu za pua, na kwa hivyo hunusa ardhi akijua ni wapi jirani yake alipita. Ila pua hiyo haipeleki hewa kifuani, maana kifuani hakuna pa kuipokea. Je, basi hana pumzi ya uhai?

Swali hili linatusaidia, kwa kuwa linatulazimisha kutofautisha mambo mawili tunayoyachanganya. Biblia inapotaja pumzi ya uhai haitupi somo la mapafu. Inatueleza uhai umetoka wapi. Katika Zaburi 104, neno la Kiebrania linalotumika kwa pumzi ya viumbe katika fungu la 29 ni lile lile linalotumika kwa Roho wa Mungu katika fungu la 30, ruach. Mungu akiiondoa pumzi yao, wanarudi mavumbini. Akiituma yake, wanaumbwa. Njia ambayo hewa inapita, iwe ni mapafu ya tembo, matamvua ya samaki au ngozi yenye ute ya mnyama wa gramu moja, ni chombo tu. Mwenye pumzi ni Mungu.

Angalia pia Mwanzo 1:24 na 1:30. Wanyama nao wanaitwa kwa maneno yale yale ya Kiebrania yaliyotafsiriwa “nafsi hai” anapotajwa Adamu katika 2:7. Hii haina maana kwamba mtu na salamanda ni sawa. Mtu peke yake aliumbwa kwa mfano wa Mungu, naye peke yake amekombolewa kwa damu ya Mwana. Ina maana kwamba nafsi si kitu kilichofichwa ndani ya mwili kikingojea kutoka. Adamu hakupewa nafsi. Mavumbi yalipokutana na pumzi, Adamu akawa nafsi. Viwili hivyo vikitengana, Adamu hayupo mahali pengine akiwaza na kutazama. Mhubiri 3:19–21 inathubutu hata kuuliza kama kuna anayeweza kuonyesha tofauti kati ya pumzi ya mtu na ya mnyama wakati wa kufa.

Hapa tusiende haraka. Wako wasomaji wa lesoni hii waliokaa kando ya kitanda, mtungi wa oksijeni ukitoa sauti yake, wakihesabu kila mara kifua cha mama kilipopanda na kushuka, mpaka kiliposhuka na kisipande tena. Baada ya maziko wakaja ndugu wenye maneno mengi. Mmoja akasema marehemu ameonekana karibu na mlango wa jikoni. Mwingine akasema roho yake haijatulia, inadai jambo, na yuko mtaalamu anayeweza kuuliza ni jambo gani, kwa malipo. Na mfiwa, hata kama amebatizwa miaka ishirini, usiku anapolala peke yake anasikiliza.

Mpendwa, pumzi ile haikubaki jikoni. Haikuwa mtu aliyetoka katika mtu. Ilikuwa ya Mungu tangu mwanzo, nayo imerudi kwake aliyeitoa (Mhubiri 12:7). Mama yako hadai kuku wala mbuzi. Hasononeki kwa sababu hukufika hospitali kwa wakati. Yesu alipomzungumzia Lazaro alitumia neno la kulala (Yohana 11:11–14), na alipofika kaburini hakumwita ashuke kutoka mahali fulani, wala apande. Alimwita atoke pale alipolazwa. Anayeonekana mlangoni akiwa na sura ya marehemu hana haki ya sura hiyo, na Biblia inatuonya tusimsikilize (Isaya 8:19, 20).

Kuna jambo jingine linaloumiza, na mwalimu wa darasa alitaje waziwazi: mfiwa hujiuliza kama Mungu alishindwa pale mashine iliposhindwa. Danieli alimwambia Belshaza kwamba pumzi ya mfalme imo mkononi mwa Mungu. Belshaza alikuwa mzima wa afya, akila na kunywa, mapafu yake hayana kasoro. Usiku ule ule akafa. Wala mapafu mazima hayakumshikilia, wala mapafu mabovu hayawezi kumnyang’anya Mungu mtu aliye wake.

JUMANNE: Kungoja Mvua

Soma Zaburi 104:27, 28 na Zaburi 63:1.

Siku za ukame salamanda hubaki chini ya gogo. Chakula kilicho karibu naye humalizika upesi. Nje, hatua chache tu kutoka alipo, majani yamejaa wadudu, lakini hawezi kwenda, maana kwenda ni kukauka. Hungoja akiwa na njaa. Mvua ikinyesha usiku hutoka, akala kwa wingi, hata kupanda juu ya mimea, kisha hurudi kabla ardhi haijakauka. Makao yake yote hayazidi eneo la chumba kimoja cha wastani.

Zaburi inasema viumbe wote humngojea Mungu awape chakula kwa wakati wake. Sisi tunalisoma fungu hilo kwa haraka kidogo, tukifika kwenye kushiba. Kungoja kwenyewe kumo ndani ya fungu. Kuna mtu katika darasa lako ambaye kazi ipo, anaiona, lakini akiipokea atafanya kazi Sabato. Usimwambie haraka kwamba Mungu atatenda. Kaa naye kwanza, na ikiwezekana mpelekee unga.

JUMATANO: Mama Katika Tundu

Amfibia wengi hutaga mayai majini, na watoto huanza maisha kama viluwiluwi wakiogelea. Salamanda huyu hafanyi hivyo. Hana haja ya kijito wala bwawa. Mwanzoni mwa majira ya joto jike hutafuta tundu ndani ya gogo lililooza au chini ya jiwe, akataga mayai machache, mara nyingi yasiyofika kumi na mawili, yakining’inia darini mwa tundu kama kishada cha zabibu. Kisha hujizungusha kuyazunguka, akakaa.

Hukaa kama majuma sita, wakati mwingine zaidi. Muda huo hula kidogo sana, kwa kuwa windo liko nje naye yuko ndani. Mwili wake wenye unyevu huyakinga mayai yasikauke. Hufukuza wadudu na hata salamanda wengine wanaotaka kuyala. Mayai yasiyo na mama kwa kawaida huota ukungu na kufa. Watoto hupitia hatua zao zote ndani ya yai, na hutoka wakiwa salamanda kamili, wadogo kama ncha ya kiberiti na mkia. Katika sehemu za kaskazini, jike aliyemaliza kazi hiyo kwa kawaida hatagi tena mwaka unaofuata. Amechoka, anahitaji mwaka mzima wa kula.

Soma Isaya 49:14–16. Sayuni inalalamika kuhusu nini, na Mungu anajibu kwa mfano gani?

Mungu angeweza kuishia kwenye mfano wa mama anyonyeshaye. Lakini anaongeza kwamba hata mama huyo anaweza kusahau. Mungu anajua wako waliosahauliwa na mama zao, watoto waliolelewa na bibi au na jirani, na wengine wameketi katika madarasa yetu. Kwao mfano wa mama ni jeraha, naye hauachi mfano huo uwe msingi wa mwisho. Anaonyesha viganja vyake.

Tuseme pia neno la tahadhari. Ni rahisi kumgeuza kila mnyama kuwa mhubiri wa kila fundisho. Salamanda huyu hula wenzake wadogo, hupigana kwa ajili ya mipaka, na hukata mkia wake mwenyewe ili kumwachia adui akimbie (mkia huota tena). Anaishi katika dunia iliyoanguka, na Warumi 8:19–22 inasema viumbe wote wanaugua pamoja. Tunachojifunza kwake ni kwamba Muumba hajawaacha hata hao wanaougua.

ALHAMISI: Ngozi Iliyo Wazi

Soma Mwanzo 2:15 na Ufunuo 11:18. Adamu alipewa kazi gani bustanini? Nini kitawapata waiharibuo nchi?

Ngozi inayopitisha hewa hupitisha na mengine. Dawa za kuua wadudu, mvua iliyochafuliwa na moshi wa viwanda, chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu, vyote humfikia salamanda bila mlango wa kuvizuia. Mwaka 2013 wanasayansi walieleza kuvu mpya inayokula ngozi ya salamanda. Ilikuwa imewaua karibu wote wa aina moja huko Uholanzi, na inadhaniwa ilifika Ulaya kutoka Asia pamoja na wanyama wanaouzwa ili kufugwa majumbani. Mnamo Januari 2016 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuingiza nchini spishi 201 za salamanda, ili kuvu hiyo isifike kwenye misitu kama ile ya New Hampshire. Watu walitaka mnyama mzuri wa kuweka kwenye kioo sebuleni, na msitu mzima ukawekwa hatarini.

Sisi nasi tunayo habari yetu. Katika maporomoko ya Kihansi, Tanzania, aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo wa manjano aliyeishi ndani ya manyunyu ya maporomoko yale tu, na si mahali pengine popote duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, wakatunzwa katika bustani za wanyama, ya kwanza ikiwa ile ya Bronx, New York. Huku nyumbani kuvu nyingine iliwapata waliobaki, na mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hawapo tena porini. Mwaka 2010 watoto wa wale waliosafirishwa walirudishwa Dar es Salaam, na miaka michache baadaye wengine wakaachiwa tena Kihansi chini ya manyunyu yaliyotengenezwa kwa mabomba.

Umeme ule unawasha taa katika makanisa yetu. Tusizungumze kana kwamba hatuuhitaji. Lakini kulima na kutunza viliagizwa pamoja, katika fungu moja, kwa mtu mmoja.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Leo soma Ayubu sura ya 38 na 39 zote, polepole, ikiwezekana nje ya nyumba. Angalia ni maswali mangapi Mungu anamuuliza mtu aliyefiwa na watoto kumi, na ni mangapi kati ya hayo yanahusu wanyama ambao Ayubu hakuwafuga wala kuwalisha.

Maswali ya kujadili:

Jirani yako asiye Mwadventista amefiwa na anasema marehemu anamjia ndotoni akidai sadaka. Utaanza naye wapi? Je, utaanza na Mhubiri 9:5, au na kitu kingine kabla ya hapo? Toeni sababu.

Ikiwa mnyama na mtu wote ni nafsi hai, ni nini hasa kinachomfanya mtu kuwa tofauti? Linganisheni Mwanzo 1:26, 27 na Zaburi 8:3–8.

Katika eneo la kanisa lenu kuna kijito, chemchemi au kijisitu chochote? Ni nani anayekitunza, na taka za makambi ya mwaka jana zilitupwa wapi?

Nani katika darasa lenu anangoja mvua juma hili, na mmempelekea nini?